Mashine Chumbani kwa Mama

Ndiyo, nilimlaza mama yangu mzazi chumba kimoja na mashine ya kukereza vyuma. Wanaotaka kunisema waseme, ila kwanza wanionyeshe ningemlaza wapi.

Nyumba yetu ya Woodley ni zile za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji. Kuna sebule, vyumba viwili, jikoni la kuingia mtu mmoja mmoja, na kule nyuma, ng'ambo ya kamba za nguo, kwota ya chumba kimoja yenye choo chake kwenye kona ya nje. Majirani wamepangisha kwota zao. Yetu amekaa mke mwenzangu. Ndivyo ninavyoiita ile mashine, na mume wangu Bramwel Were hucheka kwa sababu anajua sijakosea. Mchana kutwa yuko Upper Hill akihudumia jenereta na lifti za jengo la watu. Akirudi, kabla hajanisalimu sawasawa, ameshakwenda kule nyuma kumwona mwenzangu. Aliinunua kwenye mnada, karakana fulani ilipofungwa. Ililetwa kwa lori, ikashushwa na wanaume waliotukana njia nzima, ikafungwa kwa boliti kwenye sakafu ya zege. Tangu siku hiyo haijasogea hata upana wa kidole.

Lakini sitaki kumsingizia mke mwenza. Mshahara wa Bramwel ni wa chakula na kodi. Ada ya Ivyne, binti yetu aliye shule ya bweni, inatoka kwenye ile mashine. Watu huleta shafti za pampu zilizolika, puli za posho mili, zile mashine za kusaga unga, vyuma vya mashine za kukatia ng'ombe nyasi, vitu ambavyo dukani havipatikani au vikipatikana bei yake inakutoa machozi. Wikendi nzima ilikuwa ikinguruma huko nyuma, taa za jikoni zikififia kila inapoanza, nami nikijua mtoto wangu yuko darasani.

Basi mama akaanguka. Alikuwa anatoka kisimani huko kwetu kijijini Khwisero, njia ina utelezi, nyonga ikavunjika. Mfupa uliunganishwa ukashika, lakini mguu ulikataa kazi. Madaktari wa hospitali kubwa hapa jijini, Upper Hill, walitaka afike kliniki kila wiki, afanyishwe mazoezi mpaka mguu ukumbuke kazi yake. Daktari mmoja aliniita kando akaniambia bila kuzunguka: mazoezi yakikatizwa katikati, mama atakuwa mtu wa kitini hadi mwisho wa maisha yake.

Kwetu mama hakai chini ya paa moja na mume wa bintiye. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani machoni, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hupinda kona. Mtu wa nje anaweza kudhani ni chuki. Ni heshima, tena heshima nzito ya kubebwa kwa mikono miwili. Na pale anapolala mama, mkwe haingii kabisa, hata mama awe ametoka, kwa sababu kitanda chake kiko pale. Ndugu yangu Maxwell anakaa Kawangware, ghorofa ya juu kabisa, na ngazi zile hata mimi mwenye miguu mizima nikizipanda huwa nasali. Kwa hiyo ilibaki kwota.

Bramwel ndiye aliyesema kwanza.

"Mpe mum hiyo kwota."

"Na mashine?"

"Itapumzika tu."

Alisema hivyo akiangalia dirishani, akijikuna kidevu. Ningemkumbatia pale pale lakini nilikuwa na mikono ya unga.

Nikaifunika mashine kwa leso, nikaweka kitanda kando yake. Mama alipofika, alisimama mlangoni akaitazama, akainua ncha ya leso kama anayemfunua bibi harusi. Yeye na marehemu baba walikuwa na posho mili miaka mingi, mikanda na magurudumu si mambo ya kumtisha.

"Huyu naye ni nani?"

"Ni mwenzako wa chumba, mama."

"Mradi hakoromi," akasema, akakaa kitandani.

Taabu ya kwanza ilikuwa ukuta. Hospitalini walimpa magongo ya chuma, akayakataa. Alisema hayo ni ya kusimama nayo mlango wa kanisa ukiomba, na yeye haombi. Hivyo akitaka kwenda chooni alijiinua kwa kushika mashine, mikono ikajaa grisi, kisha akatembea akiegemea ukuta wa nje kwa kiganja. Ukuta ule niliupaka rangi nyeupe kwa mikono yangu kabla ya Krismasi. Kila nikirudi kazini nilikuta viganja vyeusi vimepangana kutoka mlangoni hadi chooni. Nikawa nasugua kwa sabuni na brashi huku nikinung'unika, maana mama yangu nampenda, lakini na rangi ilinigharimu.

Jioni moja Bramwel alinikuta nikisugua. Akaonyesha kiganja kimoja kilichokuwa wazi kuliko vyote, karibu na bomba.

"Hiyo usitoe."

"Kwa nini nisitoe? Ni picha ya ukutani?"

"Wewe iache tu, Mama Ivyne. Tafadhali."

Nilidhani ni ile heshima yao inazidi kipimo, mpaka sasa uchafu wa mama mkwe nao haushikwi. Nikakiacha, lakini nilinuna.

Taabu ya pili sikuiona mapema. Bramwel alikuwa akiwarudisha wateja langoni kwa sauti ya chini. Mama hakujua, nami nilijifanya sijui. Tulijiambia zitapita tu wiki chache, Ivyne atasoma kwa namna yoyote. Kisha Jumamosi moja asubuhi akaja Mungai.

Mungai anasimamia nyumba za kupangisha za familia yao huko Loresho, na sauti yake haikuumbwa kwa siri. Alishuka kwenye pikapu na shafti ya pampu mkononi, imelika mpaka inatia huruma.

"Fundi, niaje! Angalia hii kitu. Watu wangu hawana maji tangu jana, wananipigia simu mpaka naogopa kushika. Nataka mpya Monday asubuhi."

"Mashine imepumzika kidogo, boss," Bramwel akanong'ona. "Kuna mgeni."

"Mgeni analala kwa mashine?" Mungai akauliza, na nadhani mtaa mzima ulisikia. "Sikiza, Were. Pampu zetu zote tumekuwa tukikupatia wewe. Lakini ukikosa hii Monday, itabidi nitafute mtu mwingine, na huyo mtu akishika, ameshika zote. Si ubaya, ni maji."

Akaiacha shafti juu ya nguzo ya lango, akaondoka. Bramwel alibaki ameishika. Aliwaza kuipeleka kwa mafundi wa Kirinyaga Road, lakini Jumamosi ile walikuwa wamejaa kazi, na bei ya haraka waliyomtajia kwenye simu ingekula kila kitu.

Nilipoingia kwota nikamkuta mama anakunja nguo zake kwenye begi.

"Mama, unafanya nini?"

"Naenda nyumbani. Kumbe nimekalia sahani ya mkwe wangu na hamniambii!"

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu. Nikisababisha mjukuu wangu afukuzwe shule, nitatembea na uso gani, hata nikitembea vizuri?"

Nilimbembeleza, nikamkumbusha maneno ya daktari, nikalia kidogo, nikakasirika kidogo. Kumgeuza mama ni sawa na kumgeuza ng'ombe ndani ya mlango. Mwishowe akafunga zipu ya begi, akaliweka juu ya mashine, kisha akalitoa tena akaiangalia mashine yenyewe kwa muda.

"Hiyo shafti ikitoka ndani ya chumba hiki, mimi nakaa mpaka daktari anifukuze. Isipotoka, Jumatatu mnipeleke stendi."

"Itatokaje, mama, na Baba Ivyne hawezi kuingia?"

"Nani amesema aingie? Mimi si niko ndani?"

Nilipompelekea Bramwel habari hiyo, alikaa kwenye kiti cha jikoni akafunika uso. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaniuliza kama mama hutetemeka mikono. Nikamwambia hutetemeka akiwa na hasira tu.

"Basi tusimkasirishe," akasema.

Mchana ule tukaanza. Bramwel aligeuza ndoo, akaketi nje chini ya dirisha la kwota, mgongo ukutani, uso kwenye kamba za nguo. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Mimi nilisimama mlangoni kuyafikisha maneno, kwa sababu hawawezi kusemezana moja kwa moja.

"Mwambie mum atoe bangili."

"Mama, Baba Ivyne anaomba utoe bangili."

"Mwambie nimeshatoa."

"Ameshatoa."

Wote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa. Hata Mama Ciru, jirani yetu, alikuwa anasikia juu ya ua, maana nilimwona ameacha kuanika nguo. Bramwel aliweka miwani yake ya kazi kwenye ukingo wa dirisha, na kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili na skrubu ya kukifunga kisiteleze. Mkono wa mama ukatoka nyuma ya pazia ukavichukua. Nilimfunga kitambaa kichwani, nikamkunjia mikono ya gauni. Aliketi kwenye kiti kirefu cha jikoni, mguu mbovu ukiwa umenyooshwa. Tulifunga kipande cha chuma, akawasha, taa za jikoni zikafifia, na ile sauti niliyokuwa nimeimisi bila kujua ikajaa tena uani.

Ilikwenda vizuri kwa muda. Bramwel alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza chuma kikiliwa, maana fundi wa kweli husikia kabla ya kuona. Ghafla akainuka.

"Asimame! Anakula sana! Anaharibu!"

Sasa mimi, binti niliyelelewa, ningemwambiaje mama yangu maneno hayo kutoka kwa mkwe wake? Ningemwambia unaharibu? Nikatafuta pa kuanzia.

"Mama, Baba Ivyne anashukuru sana kwa kazi, na anasema kama hutajali, pengine ungepumzika kidogo, si kwamba umekosea, ila..."

Nilipofika kwenye "ila," kisu cha mashine kilikuwa kimeshapita. Shafti ilikuwa na kiuno chembamba kama cha nyigu.

Mama akazima mashine.

"Alisema nini hasa?"

Nikamwambia, sauti yangu ikiwa chini ya viatu.

"Na wewe ukaniletea hotuba."

"Ningesemaje, mama?"

"Adabu yako imekula shafti ya watu, Selpher."

Maji yakimwagika hayazoleki, na chuma kikishaliwa hakirudi. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha unene ule, na hadwea, maduka ya vyuma, zingefungwa mpaka Jumatatu. Bramwel alisema nimwambie mum asijali. Mama alisema nimwambie mkwe amsamehe. Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Jioni ile begi la mama lilikuwa mlangoni, limesimama wima, nikalipita nikienda na nikirudi na chakula chake, na kila nikilipita moyo ulinishuka. Nilishawaona akina mama wa kwetu waliokalishwa kitini, wanasubiri kusogezwa kivulini. Sikutaka mama yangu awe mmoja wao kwa sababu ya ulimi wangu.

Jumapili tulipotoka kanisani, Bramwel hakuvua hata tai. Alichukua spana, akakaa kwenye ndoo yake.

"Mwambie mum nitakuwa nagonga dirisha. Mara moja, asimame. Mara mbili, ni sawa, aendelee. Mara tatu, aniletee kipimo."

Nikafikisha. Mama akafikiri kidogo.

"Mwambie hiyo ni busara. Spana haina adabu wala haina utovu wa adabu."

"Na mimi nitafanya nini?" nikauliza.

Jibu lilikuja kutoka ndani na kutoka nje kwa pamoja: "Pika."

Nikaenda kupika, na hasira zangu nikazimalizia kwenye mboga. Kutoka jikoni nilisikia mashine ikianza. Ngo. Ikanyamaza. Ngo, ngo. Ikaendelea. Ngo, ngo, ngo. Nikachungulia. Mkono wa mama ulitoka nyuma ya pazia ukaweka kalipa kwenye ukingo, imefungwa skrubu, kisha ukarudi ndani. Baadaye kidogo mkono wa Bramwel ukapanda kutoka chini, ukaichukua, akaisoma, akairudisha. Ngo, ngo. Hapakuwa na aliyemwona mwenzake, na walikuwa wanafanya kazi kama watu waliokua pamoja. Nilisimama pale na mwiko mkononi, na nitasema ukweli, wivu ulinishika. Miaka yote hiyo ya ndoa nilikuwa daraja kati yao, na sasa wamevuka kwa spana.

Ugali ulipoiva mashine ilikuwa imenyamaza. Juu ya ukingo wa dirisha kulikuwa na shafti imefungwa kwenye kitambaa cha mama cha kichwani. Bramwel aliifungua, akapitisha kidole, akaipima mwanzo, kati na mwisho. Alichukua muda. Ndani mama alikuwa hata hapumui, namjua. Kisha Bramwel akagonga mara mbili.

Jumatatu Mungai akaichukua, na kabla ya saa sita akampigia Bramwel kazini. Simu ile mimi niliisimuliwa tu, lakini naamini niliisikia kutoka ofisini kwangu: "Were! Maji iko mpaka juu kwa tanki! Kuna ingine nakuletea wikendi!" Niliporudi nyumbani begi la mama lilikuwa tupu, limetundikwa kwenye msumari.

Ikawa ndiyo kazi yao. Jioni na wikendi ngo, ngo, na Alhamisi mama yuko kliniki akifanya mazoezi. Mguu ukaanza kusikia. Wateja waliorudishwa wakarudi wenyewe. Mama Ciru akauliza kama yule shosho, yaani mama, anaweza kumtengenezea mkono wa sufuria, na mama akamwambia apite kwa mkwe, yeye ni mfanyakazi tu.

Siku moja Bramwel aliweka dirishani pande la shaba. Mama akalipima kwa macho, akalichukua mkononi.

"Selpher, muulize. Hiki ni cha pampu gani?"

"Mwambie si cha pampu. Ni cha mteja mmoja mgumu."

"Mgumu vipi?"

"Hataki kusaidiwa."

"Ah," mama akasema, akiifunga shaba kwenye mashine. "Hao wanachosha. Pole yake."

Niliona mabega ya Bramwel yakitikisika, lakini sikuelewa. Mama alikikereza kile kitu jioni kadhaa, mviringo upande mmoja, tundu upande wa pili, akifuata spana. Karibu na mwisho umeme uliyumba, mkono wake ukashtuka, kisu kikaacha mchoro mwembamba kwenye shaba. Mama alikasirika nusura aitupe. Akanituma nimwombe mkwe radhi.

"Mwambie auache hivyo hivyo," Bramwel akasema. "Mteja hatajali."

Wakati huo huo alikuwa anaranda ubao wa mvule barazani, uliobaki tulipotengeneza mlango. Nikimuuliza ni wa nini ananiambia ni wa mambo. Nami nikamwambia mambo hayo yafagie takataka zake.

Siku ikafika daktari akamwambia mama aende nyumbani, akatembee kwa miguu yake, ila asiache kushika kitu njia ikiwa mbaya. Magongo akayakataa tena, mbele ya daktari. Jumamosi ya safari, mimi nikimfungia begi, mama akavuta pazia kuangalia hali ya hewa. Juu ya ukingo wa dirisha, pale pa kalipa, kulikuwa na fimbo ya mvule, laini, imepakwa mafuta, kichwa chake cha shaba.

Aliichukua. Kidole gumba chake kikapita juu ya shaba, kikasimama kwenye ule mchoro.

"Mteja mgumu," akasema polepole.

Akasimama nayo. Kiganja kilikaa juu ya shaba bila bega kupanda wala mgongo kuinama. Akachukua hatua, na nyingine, mpaka nje, mbali na ukuta. Kisha akageuka kwangu, karibu kwa ukali.

"Kimo changu alikijuaje? Huyu mtu hajanitazama hata siku moja. Ni wewe ulimwambia?"

"Wallahi si mimi, mama."

Na kweli sikuwa mimi. Lakini macho yangu yalikuwa yameshakwenda ukutani, karibu na bomba, kwenye kile kiganja cheusi nilichokatazwa kukisugua. Mama akafuata macho yangu. Akakisogelea, akaweka mkono wake juu yake, kidole juu ya kidole, na fimbo akaisimamisha kando. Kichwa cha shaba na kiganja vilikuwa sawasawa.

Sijawahi kumwona mama yangu akilia mbele ya mtu. Hakulia siku hiyo pia, lakini alibaki ameshika ukuta kwa muda mrefu kuliko mguu ulivyohitaji. Mimi nililia kwa niaba yetu sote.

Bramwel alikuwa upande wa pili wa nyumba, amejificha kwa heshima zake, anajifanya anakagua matairi ya gari la Maxwell lililokuja kumchukua mama. Nikajifuta uso, nikanyoosha kanga, tayari kwa kazi yangu.

"Nimwambie nini, mama?"

Hakunijibu. Aliinua fimbo, akagonga zege la uani mara mbili.

Halafu kutoka mbele ya nyumba, chuma kwa chuma, ikajibu spana: ngo, ngo.

Mama alikwenda zake, anatembea. Krismasi iliyofuata nilipaka ukuta ule rangi upya, wote, na nilipofika karibu na bomba nikatafuta brashi ndogo ili nikizunguke kile kiganja vizuri.